LSD ya Altezza ya zamani: mambo ya kujua kabla hujatoa hela

Wenye Altezza, Mark II, Silvia na gari nyingine za zamani za kukimbia huanza kutafuta LSD kwa kuulizana chapa. LSD (limited-slip differential) ni difu, yaani boksi la gia linalogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili ya nyuma, ila hii inazuia tairi moja kuzunguka bure. Cusco au TRD? Torsen au ya pleti? Nimeipitia shughuli hii mwanzo hadi mwisho, na ningemwomba kila anayeanza aziweke chapa pembeni kidogo ajibu kwanza maswali mawili. Tairi lako linateleza wapi, na kwa nini? Na katika mji unaoishi, nani ataifungua difu hiyo na kuifunga sawasawa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyoniamulia, na la pili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Gari langu ni Altezza RS200 ya 1999, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE ya lita mbili. Kiwandani ilipewa nguvu farasi 210, na nguvu hizo zinakaa juu, kwenye mizunguko zaidi ya 7,000 kwa dakika. Gari hizi zilitengenezwa Japani kati ya 1998 na 2005. Nyingine zilitoka na Torsen, aina ya LSD nitakayoieleza chini, nyingine na difu ya kawaida. Yangu ilikuja na ya kawaida, na kwa muda mrefu sikuona tatizo, kwa sababu kwenye foleni za Dar es Salaam hakuna difu inayopata nafasi ya kuonyesha tabia yake.

Tatizo lilikuwa Lushoto. Ndiko kwao mama, na barabara ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni ni kama kilomita 33 za kona zilizobana, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kona zile unazipanda kwa gia ya pili. Ukianza kukanyaga mafuta kabla hujanyoosha usukani, uzito wote umeegemea tairi la nje, na tairi la nyuma la ndani limebaki jepesi. Hapo ndipo difu ya kawaida inapokuangusha. Yenyewe inagawa msukumo nusu kwa nusu, daima. Tairi jepesi likiweza kubeba kidogo tu, lile lenye mshiko nalo linapewa kidogo hichohicho. Tairi la ndani linazunguka bure, injini inapiga kelele, gari haliendi. Wakati wa masika, magari ya mboga yakishaacha tope kwenye kona, hali ni mbaya zaidi, na nyuma yako kuna basi linalotaka kupita.

Kabla ya kununua chochote nilimpelekea gari fundi mmoja mzee pale Ilala anayejua sana miguu ya gari. Nilimwambia nataka LSD. Akainama, akatazama chini, akatikisa hapa na pale, akaniambia, "Mwanangu, difu itakusaidia, lakini kwanza utengeneze hiki." Bushi za nyuma zilikuwa zimepasuka, shokapu moja ilikuwa inavuja, na aliyelimiliki gari Japani alikuwa amefunga stabilaiza nene ya nyuma, ile fito ya chuma inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Stabilaiza nene hupendeza kwa kuwa gari halilali kwenye kona, ila inafanya kazi kwa kulivuta juu tairi la ndani, tairi lilelile ninalolililia lishike barabara. Tulirudisha stabilaiza ya kiwandani, tukabadilisha bushi na shokapu, nikafunga tairi nzuri nne za aina moja. Safari iliyofuata ya Lushoto, kwenye lami kavu, tatizo lilikuwa limepungua kiasi kwamba ningekuwa mtu wa mchana na kiangazi tu ningeishia hapo. Kwenye mvua bado lilikuwepo. Kwa hiyo nilijua kwamba kilichobaki ni cha difu kweli, na kwamba hela yangu haiendi kuficha bushi mbovu. Hatua hii usiiruke.

Sasa aina zenyewe. Nitaanza na ile ya bei nafuu kuliko zote, ambayo mafundi vijana watakushauri bila kusita: kuchomelea spaida, zile gia ndogo za ndani, ili matairi mawili yawe kitu kimoja. Kwa gari la kuchezea uwanjani hilo ni lao. Barabarani, tairi la ndani linaburuzwa kwenye kila kona, shafti zinabeba mkazo ambao hazikuumbiwa, na kwenye mvua mkia unachomoka ghafla. Hili gari linabeba watoto wangu. Sikulifikiria hilo hata siku moja.

Kuna aina ya mafuta mazito, ambayo ndani ina pleti zenye matundu zilizozama kwenye mafuta ya silikoni. Upande mmoja ukizunguka haraka kuliko mwingine, mafuta yanapata joto na kukaza. Ni laini na haina kelele, lakini inachelewa, maana lazima tairi liteleze kwanza ndipo ifanye kazi. Ilifungwa kwenye gari kama Silvia S13 na Mazda Roadster za mwanzo za lita 1.6. Ukiambiwa leo ununue iliyotumika, kumbuka kwamba mafuta yaliyomo ndani yana umri wa gari, na si kitu ambacho fundi wa kawaida atakifungua na kukirudishia uzima.

Ya pleti ndiyo wanayoitumia watu wa mashindano. Ukikanyaga mafuta, mhimili wa spaida unapanda kwenye miteremko iliyochongwa ndani na kuzibana pleti za msuguano pamoja, hivyo pande mbili zinafungamana. Ya njia moja inabana ukiwa unakanyaga mafuta tu. Ya njia mbili inabana hata ukiachia. Ile ya moja na nusu inabana kwa nguvu ukikanyaga, na kwa upole ukiachia. Sifa yake kubwa ni kwamba inafanya kazi hata tairi moja likiwa hewani, kwa sababu pleti zimebanwa tangu mwanzo na springi. Pia pleti zikiisha zinabadilishwa. Rafiki yangu ana Mark II yenye difu ya namna hii, ya njia mbili, na ukiwa naye kwenye maegesho unaisikia: ko, ko, ko, kila anapokata kona kali. Inataka mafuta maalumu yenye kiungo cha kulainisha msuguano, na yanabadilishwa mara kwa mara. Ikiwa mpya inataka kuzoeshwa kwa kuendeshwa polepole kwa umbo la namba nane kwenye uwanja mtupu, kisha mafuta yanamwagwa kwa sababu yamejaa unga wa pleti. Na ukiingia kona huku umeachia mafuta, ya njia mbili inalisukuma gari liende moja kwa moja badala ya kugeuka. Mtu aliyeizoea anaipenda. Mke wangu, ambaye naye huliendesha gari hili, asingeipenda.

Ya mwisho ni Torsen. Ndani ni gia tupu za msokoto, pleti za kulika hazimo. Mzigo ukiongezeka, gia zile zinajisukuma kwenye kuta za boksi lake na msuguano huo ndio unaopeleka msukumo upande wenye mshiko. Inafanya kwa uwiano. Tuseme uwiano wake ni 2.5: tairi linaloteleza likiweza kubeba 100, lenzake linaweza kupewa mpaka 250. Ni tofauti kubwa na 100 kwa 100 za difu ya kawaida. Lakini fanya hesabu hiyohiyo tairi likiwa hewani kabisa. Mara 2.5 ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana swali la wapi tairi lako linateleza lina uzito. Kwenye kona za Lushoto tairi langu la ndani lilikuwa jepesi, halikuwa hewani. Torsen ilinitosha, haina kelele, na inatumia mafuta ya kawaida ya difu, GL-5 75W-90, ambayo nayapata duka lolote la maana hapa mjini. Nilipopiga hesabu ya difu mpya ya pleti kutoka Japani, pamoja na usafiri na ushuru, ilizidi shilingi 3,000,000 kabla ya kumlipa fundi. Hapo uamuzi ulikwisha.

Kuipata ndiko kulikonichosha. Ukienda Gerezani, kwenye maduka ya spea hapa Dar, ukataja neno LSD, bei inapanda kabla hujaona kitu. Kisha utaonyeshwa jaribio maarufu: muuzaji anazungusha upande mmoja kwa mkono, na upande wa pili ukienda uelekeo uleule anakwambia, "Umeona, bosi? LSD hiyo." Kwa difu ya pleti, jaribio hilo lina maana. Kwa Torsen linaweza kukupoteza kabisa, kwa sababu bila mzigo Torsen nyingi huzunguka kinyume kama difu ya kawaida. Nimeona kwa macho yangu difu ya kawaida yenye beringi zilizokauka ikinadiwa kama LSD kwa sababu tu ilikuwa ngumu kuzungusha.

Njia ya uhakika ni moja: mfuniko wa nyuma ufunguliwe, utazame ndani kwa tochi. Kwenye difu ya kawaida utaona dirisha, na ndani yake spaida na mhimili unaozipitia katikati. Torsen ni kama mtungi mzito uliofungwa, na kwenye nafasi zake unaona gia zenye meno ya kulala, zimejipanga pembeni. Muuzaji akikataa kufungua, ondoka. Kama kuna mafuta ndani, chukua kidogo kwenye kidole na uyasugue juani. Unga laini wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyong'aa na kukwaruza ni habari nyingine.

Niliyoipata mimi ilikuwa Torsen halali, nzima, pamoja na boksi lake. Muuzaji alitaka 1,300,000 na akasema ni ya gia za mkono, uwiano 4.3 kama yangu, yaani shafti inayotoka kwenye giaboksi inazunguka mara 4.3 matairi yakizunguka mara moja. Nikaomba chaki. Nikaweka alama kwenye jino moja la krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, nikaanza kuhesabu huku msaidizi wangu akizungusha fulanji, pale shafti inapofungwa, polepole. Krauni yangu ina meno 43, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ina 10, ndiyo 4.3. Hii ilifika 41 alama ya chaki ikarudi. Tukahesabu tena, ikawa 41. Difu ile ilitoka kwenye gari jingine la ukoo uleule wa Altezza, lenye uwiano wa 4.1. Ningeifunga hivyohivyo gari lingetembea, ila kila gia ingerefuka kwa karibu asilimia tano, na injini yenye nguvu za juu ingekuwa nzito zaidi mlimani, yaani palepale ninapoihitaji. Tulibishana kwa muda, na mwisho akanipa kwa 950,000. Mwenye Subaru au gari lolote linalovutwa na matairi yote manne asikubali hata kubishana: uwiano wa nyuma ukitofautiana na wa mbele, difu ya kati inateseka kila mita unayotembea kwenye lami, na itaungua.

Kwa kuwa uwiano haukulingana, ilibidi mtungi wa Torsen utolewe kwenye boksi lake na kuhamishiwa kwenye boksi langu, na krauni yangu ya meno 43 ifungwe juu yake. Kabla ya hapo linganisha vitu vitatu ukiwa na vyote viwili mezani: matundu ya boliti za krauni, kipenyo cha kukalia beringi, na meno ya shafti zinazoingia pembeni. Vyangu vililingana. Kuhamisha difu nzima na boksi lake ni kazi ya boliti, fundi yeyote makini anaiweza. Kuhamisha kiini, yaani mtungi wa ndani peke yake, ni kazi nyingine kabisa, na hapa ndipo nilipoumia.

Gereji ya kwanza niliyoipelekea ilifanya kazi kwa siku moja. Walikaza, wakazungusha kwa mkono, wakasikiliza, wakasema iko poa. Nililipa 150,000. Kabla sijafika Kimara difu ilianza kulia, mlio mwembamba kama wa ndege, kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, na ukiachia mafuta unazidi. Niliporudi niliambiwa ni Torsen, ndivyo zinavyolia. Si kweli. Torsen iliyofungwa vizuri huisikii. Usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa nilijua kwamba kila kilomita ninayoongeza, meno ya krauni na pinioni yanakulana, na krauni yenye 4.3 haiokotwi kirahisi. Nililiegesha gari, nikarudi kupanda daladala kwa wiki kadhaa huku nikitafuta mtu mwenye vifaa. Nyumbani maswali ya hela yalikuwa mengi, na yalikuwa ya haki.

Niliyempata mwisho anafanya kazi za difu na giaboksi za malori. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni geji, ile yenye uso kama wa saa na mshale. Aliifunga kwenye boksi, ncha ikagusa jino la krauni, akashika pinioni isitembee, akaitikisa krauni kidogo. Mshale ulitembea karibu robo milimita. Mchezo kati ya meno kwa difu hii unatakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.18. "Hawa hawakupima," alisema, bila hasira. Akafungua, akabadilisha beringi za pembeni na sili, akahamisha shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupangia nafasi, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, akapima, akahamisha tena. Kisha akapaka rangi nyepesi kwenye meno kadhaa ya krauni na kuizungusha chini ya mzigo. Rangi inafutika pale meno yanapokutana. Mara ya kwanza alama ilikaa pembezoni mwa jino. Alifungua tena. Alipomaliza, alama ilikuwa imekaa katikati ya jino, ndefu na nyembamba, jino hadi jino. Meno yalikuwa yameanza kung'aa kwa msuguano mbaya lakini hayajachimbika, nikashukuru Mungu kwamba niliegesha mapema.

Yeye nilimlipa 300,000, na beringi, sili na mafuta vilikula 340,000. Ukijumlisha difu yenyewe na ile 150,000 iliyopotea, nimetumia 1,740,000, mbali na bushi, shokapu na tairi. Ukiandaa bajeti, tenga ya fundi tangu mwanzo, na uende kumwona kabla ya kwenda dukani. Mwulize akuonyeshe geji yake. Mwulize rangi ya kupimia meno anayo. Akikwambia anaisikia kwa sikio, msalimie vizuri uende zako. Mimi sasa ningechagua aina ya difu kufuata fundi niliye naye: kama katika mji wangu yupo anayejua kupanga pleti na mafuta yake yanapatikana, pleti inakuwa chaguo la kweli; kama hayupo, difu nzima iliyotumika yenye uwiano sahihi, isiyohitaji kufunguliwa kiini, ina thamani kuliko jina lolote kubwa kutoka Japani.

Barabarani sasa. Nilipanda Lushoto wakati wa vuli, lami imelowa. Kwenye kona za juu ya Soni unakanyaga mafuta taratibu na gari linajivuta kutoka mkiani, bila kishindo wala tairi kulia. Unahisi kwamba tairi la nje limechukua kazi. Usukani hauna mabadiliko, na ukiwa kwenye foleni Ubungo huwezi kujua kama kuna kitu kimebadilika, ndivyo nilivyotaka.

Lakini yapo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. La kwanza ni la usalama. Difu ya kawaida ikishindwa, tairi moja linazunguka na lingine linabaki kushikilia mkia. Ukiwa na LSD ukizidisha mafuta kwenye maji, yote mawili yanateleza kwa pamoja na mkia unakwenda pembeni. Gari linakupa zaidi, na ukivuka mpaka linakuadhibu zaidi. Siku za mwanzo liendeshe kama la kukodi. La pili ni lile la tairi hewani: kwenye geti la shangazi kuna mtaro, na ukiukata kwa pembe, tairi moja la nyuma linaning'inia. Torsen hapo inakwama kama difu ya kawaida. Dawa ni kuvuta handbreki kidogo huku unakanyaga mafuta taratibu. Breki inalipa tairi linaloning'inia mzigo wa kupigana nao, na Torsen inauzidisha kwa upande wa pili. Inafanya kazi vizuri mno, ila handbreki iwe imerekebishwa sawa pande zote mbili.

Mafuta ya kwanza niliyamwaga mapema, baada ya kilomita 1,000, ili kutoa unga wa beringi mpya, na sumaku ya kizibo ilikuwa na uji mwembamba wa kijivu tu. Sasa nayabadilisha pamoja na ya giaboksi. Kiini cha zamani usikiuze kwa bei ya chuma chakavu. Kipake grisi, kifunge, na kila shimu uiandike upande iliotoka, kwa sababu siku ukiuza gari unaweza kukirudisha na LSD ukaiuza peke yake, na wanunuzi wa Torsen ya Altezza iliyokwisha kuthibitishwa hawakosekani.